Kaye ya mizani inapoingia mu ordinatere

Ku kooperative nyingi za kahawa zenye tunatembelea huku Kivu, ordinatere iko sasa mu biro. Ingine ilitoka kwa mushiriki, ingine komite ilinunua na feza ya kahawa. Kitu kimoja kinafanana karibu fasi yote: inafunikwa na kitambaa juu ya vumbi, na mutu mumoja tu njo anaijua. Siku ule mutu anagonjwa, ao anaenda kutafuta kazi ku muji, malipo inasimama. Memba anakuja na kikarata chake cha mizani, wanamujibu: «Ngoja sekretere arudi.» Anaangalia mashini, mashini inamuangalia.

Njo sababu tuliomba chumba cha ordinatere cha iniversite moja ya Bukavu kipokee wajumbe wa kooperative kwa siku tano, wakati wanafunzi wao wako mu likizo. Nilikaa nao siku zote tano. Habari hii haiko ya kuwafundisha ordinatere, juu karatasi haiwezi kufundisha mukono. Iko ya kuwasaidia ninyi wamemba mujue mujumbe wenu anapashwa kurudi na nini, na maulizo gani munaweza kumuuliza hata kama hamujagusa ile mashini hata siku moja. Kilo zenye ziko ndani yake ni zenu.

Nani wa kutuma

Kooperative zingine zilituma kijana mumoja, ule ule mwenye anajua tayari. Mimi sikubaliani na ile. Kama mutu mumoja tu anajua, komite yote inakaa chini ya vidole vyake, hata kama ni mutu mwaminifu. Mutume watu wawili, na mumoja wao akuwe mupimaji, mutu mwenye anasimama ku mizani na kushika kaye. Mara nyingi ni mama.

Nimesikia watu wakisema: «Ule mama hakusoma sana.» Kumbe mupimaji anajua kitu chenye sekretere hajui. Anajua mashamba na anajua kilo. Akiona memba mwenye miti 150 ameandikiwa kilo 800 za serizi siku moja, anashituka pale pale: ilikuwa 80, zero moja imeongezeka. Mashini haishituke. Ukiandika 800, inapokea 800, na jumla inatoka safi kabisa.

Siku ya kwanza: panya na karata

Chumba cha iniversite kiko hivi: meza zimepangwa kwa mistari, kila meza iko na ekra yake, klavie yake na panya yake (kifaransa suri), na chini ya meza kuko sanduku yenye kushika akili ya mashini. Watu wengi wanafikiri ordinatere ni ile ekra. Apana. Ukizima ekra, kazi yako ingali ndani ya sanduku. Ukikata sanduku kwa guu, ekra itabakia imewaka lakini kazi imekwenda. Asubuui ya kwanza ile ilitufikia mara mbili, juu watu walikuwa wananyoosha miguu.

Mbele ya kuingia, mashini inauliza jina na neno la siri. Kila mujumbe alipewa yake ku kakaratasi. Hapa watu walitumia karibu saa nzima, na ni saa yenye haikupotea bure. Mwenye kuandika neno la siri anaona tu vidoti, haoni herufi, kwa hiyo anafikiri mashini imeharibika. Tena, mashini inatofautisha herufi kubwa na herufi ndogo. Kama butoni ya herufi kubwa imefinywa na taa yake imewaka, neno lako litakataliwa hata mara kumi.

Panya njo ilisumbua zaidi. Muzee mumoja, mulimaji wa kahawa tangu ujana, alikuwa anaisukuma mupaka inatoka ku meza, kisha anabakia amenyoosha mukono hewani. Asista wa iniversite akamuambia: «Papa, uiinue, uirudishe katikati. Mushale hautatembea wakati panya iko juu.» Muzee akacheka, akainua, akarudisha. Kisha asista akawafungulia wote muchezo wa karata.

«Tumetoka mbali hivi kuja kucheza karata?» muzee akauliza.

«Papa, hii karata inafundisha mukono.»

Alisema kweli. Kwa kusogeza karata unapashwa kufinya, kushikilia bila kuachilia, kuvuta, kisha kuachilia fasi yake. Njo mambo ile ile yenye utafanya kesho juu ya kuchagua majina ku tablo. Ule muchezo uko ndani ya Windows tangu 1990, na watu wengi duniani walizoesha mukono wao pale bila kujua kama wanajifunza. Saa sita mikono ilikuwa imetulia. Basi mukisikia kama mujumbe wenu alicheza karata siku ya kwanza, musimukasirikie.

Maneno ya kifaransa ni jambo lingine. Ordinatere zetu karibu zote zinasema kifaransa, na wajumbe wengine wanasoma vizuri kiswahili peke yake. Hatukuweza kubadilisha ile mu siku tano. Tulichagua tu maneno machache, tukayaandika ku karatasi na maana yake: «Ouvrir» ni kufungula, «Enregistrer» ni kutunza, «Annuler» ni kurudisha nyuma kitu chenye umetoka kufanya, «Fermer» ni kufunga, «Imprimer» ni kutosha ku karatasi. Na haya matano ulizo moja: «Voulez-vous enregistrer?» Maana yake: unataka nitunze kazi yako? Mutu mwenye hajui anafinya «Non» juu ya kumaliza haraka, na asubuui yote inapotea. Ile karatasi iko sasa imebandikwa ku ukuta wa biro za kooperative tatu.

Namba za ku klavie

Klavie zenye tuko nazo ni za kifaransa, zenye herufi A, Z, E, R, T, Y ku mustari wa juu. Ku klavie hii, namba ziko juu kabisa, lakini ukifinya tu, haupate namba: unapata é, ao &, ao alama ya kufungula maneno. Unapashwa kushikilia butoni «Maj» kwanza. Kwa mutu mwenye anaandika kilo siku nzima, ile ni mateso, tena inaleta makosa. Muangalie upande wa kuume wa klavie: kuko fungu la namba peke yake, zimepangwa kama ku mashini ya kuhesabu. Kama hazijibu, finya «Verr Num», taa ndogo itawaka. Mupimaji azoee pale. Ordinatere zingine za kubeba hazina ile fungu. Kama kooperative inataka kununua mashini, mutafute yenye iko nayo, ao muuze klavie ya pembeni yenye kuingizwa na kamba.

Kilo 28 zenye zilipotea

Siku ya tatu tuliingia mu tablo. Programu ya tablo (Excel, ao LibreOffice yenye haiombe kulipa) ni kaye yenye mistari na kolone. Kila kisanduku kiko na anwani: herufi ya kolone na namba ya mustari, kwa mufano B4. Nguvu yake ni moja: ukiandika =SOMME(B2:B6), inajumulisha visanduku vyote kutoka B2 mupaka B6, na ukibadilisha namba moja, jumla inabadilika yenyewe. Mutu mwenye alianzisha wazo hili, Dan Bricklin, alikuwa mwanafunzi wa iniversite ya Harvard kule Marekani. Alimuona mwalimu anahesabu mali ya kampuni ku ubao: kosa moja, na inaomba kufuta na kurudilia hesabu zote zenye zinafwata. Programu yake, VisiCalc, yeye pamoja na mwenzake Bob Frankston, ilitoka mu 1979. Kwa hiyo tablo ilizaliwa juu ya taabu ile ile ya sekretere wetu mwenye gome na kaye.

Tulikuwa tumeomba kila mujumbe alete ukurasa mumoja wa kaye ya kweli, wenye amekwisha kujumulisha na mukono. Mama mumoja mupimaji, kutoka Idjwi, alikuwa na memba mwenye kuleta serizi mara tano: 12,5 na 8 na 15,5 na 9 na 20,5. Ku kaye yake jumla ni 65,5. Akaandika zote ku tablo, akaweka =SOMME, akafinya. Ekra ikasema 37,5.

Mwanafunzi mwenye alikuwa anatusaidia akamuambia: «Mama, mashini haikosee hesabu. Pengine ni kaye.»

Mama hakubishana. Akatosha biki, akahesabu tena ku mukono, polepole, mbele ya macho ya ule kijana. 65,5. Akamugeuzia kaye: «Mutoto wangu, kilo 28 za huyu mutu ziko wapi?»

Ilituomba karibu dakika kumi na tano kuzipata. Mama alikuwa ameandika 12.5 na 15.5 kwa nukta, sawa vile anaona ku telefone yake na ku mizani ya umeme. Lakini ordinatere yenye imepangwa kwa kifaransa inataka virgile: 12,5. Ikiona nukta, inafikiri ni maneno, haiko namba. Na =SOMME inaruka maneno bila kusema kitu. Hakuna taa nyekundu, hakuna sauti. 12,5 na 15,5 ni 28. Ile njo kilo zenye zilikuwa zimepotea.

Tuseme, kwa mufano tu, kilo moja ya serizi ni franga 1 000. Ule memba angepoteza franga 28 000, na hakuna mutu mwenye aliiba. Sekretere angesema kwa moyo safi: «Ordinatere njo ilisema.» Memba angerudi nyumbani na kusadiki kama kooperative ni wezi, na musimu wenye kufwata angeuzisha serizi zake kwa mupita-njia. Nimeona magomvi ya namna ile mu kooperative, na mara nyingi haikuwa wizi.

Alama ya kuijua iko rahisi, na hata mutu mwenye hajui kusoma kifaransa anaweza kuiona. Mu tablo, kama hakuna mutu aliyegusa mupangilio, namba inaegemea upande wa kuume wa kisanduku, maneno inaegemea upande wa kushoto. Mupitishe macho ku kolone ya kilo. Namba yoyote yenye imeegemea kushoto peke yake ni kilo yenye haihesabiwe. Vilevile ukiandika «12,5 kg» mu kisanduku, ile kg inageuza yote kuwa maneno. Neno kilo liandikwe mara moja, juu ya kolone. Na mwenye anatumia fungu la namba la upande wa kuume, mu Excel ya kifaransa butoni ya nukta pale inaandika virgile yenyewe. Sababu ingine ya kuzoea lile fungu.

Tangu ile siku, mu chumba watu walianza kumuita mama «kontrolere».

Kupanga majina

Kosa la pili ni baya kupita, juu halipoteze kilo, linazipeleka kwa mutu mwingine. Tablo inaweza kupanga majina kwa A, B, C mu sekunde moja, na komite zinapenda ile sana juu ya listi ya malipo. Lakini kama unachagua kolone ya majina peke yake, majina inatembea na kilo zinabakia fasi yake. Kilo za mumoja zinakuwa za mwingine, na jumla ya chini haibadilike, kwa hiyo hakuna mutu anashituka. Programu inaulizaka kwanza kama unataka kuchukua na kolone zingine. Jibu ni ndiyo, kila mara. Tulifanya lile kosa kwa kusudi, ku listi ya kuigiza, wajumbe waone vile ilivyo. Kisha tukafinya Ctrl na Z pamoja, na kila kitu kikarudi.

Kwa mambo ya majina kuko tena shida yetu ya kila siku: Mapendo, Mapendo, Mapendo. Ao jina moja limeandikwa leo na «Ch», kesho na «Tsh», na mashini inaona watu wawili. Dawa yake ni kumupa kila memba namba yake, ile ile ku kikarata, ku kaye na ku tablo, na namba ya memba mwenye alitoka ao alikufa haipewe mutu mwingine. Hata bila ordinatere mulipashwa kuwa na ile listi: sheria ya OHADA juu ya kooperative, yenye inatumika mu inchi yetu tangu 2012, inaomba kila kooperative ishike rejista ya wamemba.

Umeme, flashi, neno la siri

Mu chumba ya iniversite umeme ulikatika kila siku. Kuko ondulere, sanduku yenye batri yenye inashikilia mashini dakika chache, inapiga kelele pip-pip-pip. Ile kelele inasema: tunza, zima. Haisemi endelea kuandika. Wajumbe walizoea kufinya Ctrl na S kila kisha mistari mitano, hata kama umeme ni muzuri. Ku biro zenye pano ya jua ao jenereta, ni vilevile.

Mu vyumba vingine vya iniversite, mashini inapangwa ifute usiku kila kitu chenye watu waliacha, juu kesho inapokea watu wengine. Kwa hiyo wajumbe walibeba kazi yao ku flashi. Flashi inabeba pia virusi, kama panga yenye kukata mugomba mugonjwa kisha muzima: ugonjwa unatembea na chombo. Flashi ya kooperative isiingie mu nyumba ya picha na muziki, na siku imetoka ku mashini ingine, ipitishwe kwanza ku programu ya kutafuta virusi.

Musibakie na kopi moja. Flashi mbili, nyumba mbili. Sitaandika mengi juu ya hali ya Kivu, munaijua kunipita: kuko siku watu wanatoka bila kufunga mulango, na ordinatere haibebeke ku kichwa pamoja na mutoto. Flashi inaingia mu kitenge. Lakini mufikiri pia kama ile flashi iko na majina ya watu, kilo zao na feza zenye watapokea. Mwenye kuipata anajua nyumba gani iko na feza wiki ya malipo. Isitembee mukononi mwa kila mutu, na iko na neno la siri lake. Neno la siri la ordinatere, watu wawili walijue, na liandikwe mu bahasha yenye imefungwa, ikae kwa kesie. Kulibandika ku ukuta ni kama kuacha funguo mu mulango.

Kaye isitupwe

Mumoja wa wajumbe aliuliza kama sasa kaye inaweza kuachwa. Apana. Kikarata cha memba na kaye ya ku mizani njo ushahidi. Mama aliona kilo 28 juu alikuwa na kaye. Tablo inafwata kaye, haiko kaye inafwata tablo, na kila mwisho wa juma watu wawili wapashwa kukaa, mumoja anasoma kaye kwa sauti, mwingine anaangalia ekra.

Kuko na njia ingine ya kuhakikisha, na hii ni ya mulimaji. Munajua kama karibu kilo 5 za serizi zinatoa kilo 1 ya parche kavu. Kama depo iko na kilo 600 za parche, tablo inapashwa kusema kitu karibu na kilo 3 000 za serizi. Kama inasema 2 400, parche haikuongezeka yenyewe: kuko serizi za watu zenye ziliingia ku mizani lakini hazikuingia ku jumla. Muombe kuona kolone, na mutafute zenye zimeegemea kushoto. Kama inasema 3 800, ulizo ni lingine, na pengine jibu lake haliko mu ordinatere.

Munaniuliza pia juu ya wanunuzi wa Ulaya wenye wanaomba fasi ya kila shamba. Ile inatoka ku sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023: kahawa na kakao zenye kuingia kule zipashwa kuonyesha shamba zilitoka, na kama pori haikukatwa pale kisha tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2020. Tarehe ya kuanza kuifwata imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuomba. Kwa shamba dogo, namba mbili za telefone yenye GPS zinatosha, na zile namba ni marefu, ziko na virgile ao nukta ndani, na zinaingia mu tablo ile ile, mbele ya jina la mutu. Sasa munaelewa kwa nini siku ya tatu tulikaa sana ku nukta. Namba moja imebadilika, na shamba lako linaonekana katikati ya ziwa.

Chumba cha iniversite kitapatikana tena mwezi wa nane na wa tisa, wakati wanafunzi hawako na sisi hatuko mu mavuno. Kooperative yenye inataka nafasi ipitishe barua kwa animatere wake mbele ya mwisho wa mwezi wa sita, na majina mawili, mumoja akuwe wa ku mizani. Kila mutu aje na miwani yake kama anaitumiaka, na ukurasa mumoja wa kaye ya kweli, wenye amekwisha kujumulisha na mukono.